Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Muhuri

Kwa Mheshimiwa Muhuri wa "IMEIDHINISHWA",
Mezani, kando ya kidau cha wino.

KUH: SHIMO LANGU NA KISIMA CHA JIRANI

Mheshimiwa,

 Kutoka hapa Voi nakuandikia wewe, si wakubwa wako, kwa sababu siku nilipoleta ramani yangu ni wewe peke yako uliyeigusa. Wengine walikuwa mkutanoni.

Fundi alikuwa amechora nyumba ya vyumba vitatu, choo cha ndani, na huko nyuma kisanduku cha tanki la majitaka, kikifuatwa na mistari mitatu ya mifereji ya kuzamishia maji. Uliinuliwa, ukashuka, pa! Nikatoka nikitembea kama mwenye hoteli. Udongo haukuulizwa neno.

Na udongo ndio wenye kazi. Mtaa wetu hauna bomba la majitaka, na tanki hufanya nusu tu ya shughuli: kizito kinazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanatoka yakiwa bado na vijidudu tele. Kuyasafisha ni kazi ya ardhi, yanapopenya polepole kwenye kokoto na udongo wenye hewa. Ndiyo maana wajuzi hupima kwanza. Unachimba shimo, unalilowesha usiku kucha, asubuhi unalijaza tena na kushika saa. Maji yakishuka sentimita 2.5 kabla ya dakika moja, ardhi hiyo ni mlevi: inabugia bila kuonja, na uchafu unafika chini vilevile ulivyotoka. Yakimaliza saa nzima hayajashuka kiasi hicho, hiyo imeokoka, haigusi.

Yangu nilikuja kujua kwamba imeokoka mvua za vuli zilipokaza. Choo kilianza kukoroma, kisha kikarudisha amana. Sasa ni Januari, na Voi yote imevaa vumbi jekundu la Tsavo, isipokuwa nyuma ya nyumba yangu. Hapo nyasi mbichi zimesimama mistari mitatu, imenyooka sawasawa na ile uliyoigonga. Mbuzi wa mtaa mzima wameikubali ramani yako.

Usidhani najitoa lawamani. Mafuta ya kukaangia samaki niliyamwaga kwenye sinki. Juu ya tanki nililaza kabro ili gari lipate pa kulala, na mfuniko nikauzika humo humo. Tope la tanki hutakiwa linyonywe kila miaka mitatu hadi mitano; mimi eksosta niliita mwaka wa tisa. Vijana wawili wa lori walizunguka uani na mtaimbo, wakigonga kabro moja moja na kutega sikio kama madaktari, huku mita ya subira yangu, na ya bei, ikipanda.

Lakini hebu tupige hesabu, Mheshimiwa. Ploti yangu ni ile ya futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30 hivi. Ushauri unaorudiwa mara kwa mara ni kwamba kisima kikae kama mita 30 kutoka mahali majitaka yanapozamishwa. Maana yake, umbali huo unamaliza urefu wote wa ploti yangu. Ukishafika ukutani, upande wa pili yupo jirani, naye ana kisima cha maji ya chumvichumvi ya kufulia, kilichogongwa na binamu yako wa ofisi nyingine. Karatasi zetu zote ni halali. Kosa letu ni kuishi karibu.

Hapo ndipo shida yako ilipo: wewe huona ploti moja kwa wakati mmoja. Maji ya chini huziona zote, na bikoni za mipaka hayazijui.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inataja usafi kuwa haki ya kila mtu. Na bomba si mgeni kwetu. Lile la chemchemi za Mzima limeanzia kaunti hii hii, likasafiri zaidi ya kilomita 200 kuipelekea Mombasa maji ya kunywa. La kuondoa tulichokunywa sisi ndilo halijapata nauli.

Mpaka lipate, nina ombi dogo. Kabla hujashuka juu ya ramani ya ploti inayofuata, toka nje ya ofisi mara moja. Chimba shimo, liloweshe usiku kucha, asubuhi lijaze tena na ungoje saa moja, kisha uchungulie nyuma ya ukuta uone jirani anachota wapi. Wino uache mezani. Maji ya kupimia nitayanunua mimi, mitungi miwili ya mkokoteni. Wewe njoo na rula tu. Najua mnayo, kuna mtu aliitumia kuipigia ile mistari mitatu.

Wako mtiifu,
Mwenye Nyasi Mbichi, Voi