Namna ya Kuizunguka LUKU Bila Kugusa Waya

Sogea karibu. Kuna njia ya kuibana LUKU isiyohitaji fundi wa usiku wala waya wa kuruka mita, na TANESCO hawana la kukufanya. Unachohitaji ni stuli ya kupandia na swichi iliyozimwa.

1. Usiguse nyumba nzima. Hapo ndipo watu huchoka kabla ya kuanza. Anza na globu moja tu, ile ya nje inayowaka tangu magharibi hadi alfajiri. Kama bado ni ya zamani ya wati 60, kwa saa 12 inakula uniti 0.72 kila usiku, karibu 22 kwa mwezi. Ukiweka LED ya wati 9, itakula 3 na kidogo. Ya stoo, unayowasha dakika mbili ukichota unga, iache mpaka iungue yenyewe.

2. Ya zamani nenda nayo dukani, umeifunga kwenye kitambaa. Hakuna anayekumbuka kama holda yake ni ya pini au ya skrubu, na kurudi mara ya pili ni nauli.

3. Wati usiziulize. Wati ni ulaji, mwanga ni lumeni. Globu ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, ya wati 100 kama 1,500. Geuza boksi uitafute namba hiyo. Wengi hupigwa hapa: mbele pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni sawa na wati 100, nyuma unakuta lumeni 700. Boksi lisilotaja lumeni kabisa mrudishie muuzaji. Lile utakalolichukua, mwambie aiwashe globu palepale kaunta, uione kwa macho yako.

4. Sasa sebule, maana sote tunapenda kupendeza mbele ya wageni. Tafuta namba yenye herufi K. 6500K ni ule weupe wa kibuluu unaopendwa sana mitaani kwa ukali wake. Upeleke jikoni kwenye kuchambua mchele, au mezani kwa mtoto anayesoma. Ukiwaangukia wageni, wote wanaonekana wametoka wodini. Sebuleni weka 2700K au 3000K. Mwanga huo hulainisha ngozi, hauaniki kila doa la ukutani, na pilau inabaki na rangi yake. Wakikusifia nyumba, itikia asante. Habari za K baki nazo.

5. LED nyingi hufa mapema kwa sababu ya joto. Kwenye kitako chake kuna saketi ndogo, na ukiifungia ndani ya kibakuli cha kioo kisichopitisha hewa, inajipika. Kitoe kibakuli. Na kama umeme wa kwenu hupanda na kushuka, chagua iliyoandikwa volti kwa upana, kama 100–265, uiache ya 220–240.

6. Ukizima, kisha usiku ukaiona bado inafifia kwa mbali kama kimulimuli, usishtuke. Mara nyingi ni kile kitaa chekundu kilichomo ndani ya swichi, kinapitisha umeme kiduchu ambao globu ya zamani isingeuhisi. Mwambie fundi akuwekee swichi isiyo na kitaa, ukalale.