Kutoka Munyaka hadi Mwambani: Jinsi ya Kuvua Bahari Usiyoijua kwa Wikendi Moja

Mkazi wa mtaa wa Munyaka, Eldoret, hana sababu ya kuogopa maji. Mvua za Agosti zimemfundisha kuvuka barabara ya mtaani bila kujua shimo liko wapi, na bahari ni dimbwi lile lile lililotiwa chumvi. Tena Eldoret ni jiji tangu tarehe 15 Agosti 2024, na mtu wa jiji haulizi njia. Kwa msingi huo imara, fuata hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: Nunua vyombo, maarifa yatajileta

Agiza mtandaoni kayaki ya plastiki, ile ya kukalia juu, ya rangi ya chungwa ili watakaokutafuta wakuone upesi. Ongeza ufito wa kuvulia, miwani ya jua, na shati lenye mifuko mingi kuliko vitu ulivyo navyo. Jaketi la kuelea liache nyumbani, maana linafunika shati.

Chambo usinunue pwani. Chimba nyungunyungu nyuma ya nyumba, uwatie kwenye kopo pamoja na udongo wao. Mtu wa Kilifi atakuambia kwamba samaki wa huko wanataka ngisi au kamba. Usimsikilize, huyo anauza ngisi.

Mazoezi fanyia kwenye bwawa la shamba la shemeji yako. Halina mkondo, halina mawimbi, na likipungua hupungua Januari. Ukiweza kulizunguka mara mbili bila kuhema, Bahari ya Hindi uko tayari nayo. Mapafu yaliyolelewa mita 2,100 juu ya usawa wa bahari yatashindwaje na bahari yenyewe?

Hatua ya pili: Safiri usiku, usilale

Eldoret hadi Mombasa ni takriban kilomita 800, na Mida, karibu na Watamu, ni kilomita mia moja hivi mbele yake. Panda basi la Ijumaa jioni. Makanga akidai nauli ya kayaki, mwambie ni mzigo wa mkononi. Jumamosi kama saa tano asubuhi utashuka umevimba miguu, shingo imekakamaa, macho mekundu. Hiyo ndiyo hali bora ya kuanza jambo ambalo ukilikosea unazama.

Hatua ya tatu: Usimsalimu mtu yeyote

Hapa ndipo wengi huharibu. Chini ya mti karibu na vyombo utamkuta mzee wa kikoi anashona wavu, uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu, mikono inakwenda bila yeye kuiangalia. Ukithubutu kusema "shikamoo", atakujibu marahaba, atakuuliza watoka wapi, hali ya huko ikoje, mahindi yameshaiva au bado. Dakika ishirini zitakwenda. Kisha ataiangalia kayaki yako, aiangalie mizizi ya mikoko pale alama ya matope ilipo, aseme tu, "Maji haya si ya leo, mwanangu. Ngojea."

Mjibu, "Niko sawa, mzee," uendelee kukaza kamba.

Wapo watakaokutajia Vasco da Gama. Ni kweli kwamba mwaka 1498, pamoja na mizinga yake yote, alipofika Malindi aliomba mtu wa kumwongoza, akapewa, na kwa upepo wa kusi akavuka hadi Calicut, India, kwa muda usiotimia mwezi. Ni kweli pia kwamba kurudi hakuungoja upepo wa kaskazi. Safari ile ile ikamchukua kama miezi mitatu, mabaharia wakifa kwa kiseyeye, hadi alipoiona tena Malindi Januari 1499. Lakini Mreno huyo hakuwa na simu yenye ramani. Wewe unayo, na ina asilimia kumi na moja ya chaji.

Hatua ya nne: Maji yapuuze, yatarudi

Ukichagua wikendi ya mwezi mpevu kwa sababu ya picha, umechagua bamvua. Wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kukaribia mita nne, na pwani ya Kenya maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kwa hiyo ukishuka utaikuta hori ya Mida ni uwanja wa matope, na kaa wanatembea pale ulipotarajia kuelea. Usihoji.

Kunywa chai, kula mahamri na mbaazi, ulale kidogo. Kufika saa kumi jioni maji yamejaa hadi kwenye majani ya mikoko, yametulia kabisa, hakuna hata chombo kimoja. Ingia sasa! Wenyeji wanajua kwamba utulivu huo ni wa muda mfupi kabla maji hayajageuka, lakini wewe umelipa nauli.

Utapiga kafi kwa raha kuelekea mdomo wa hori, na kila kafi itakupeleka mbali kuliko ile iliyotangulia. Huo ni ustadi wako, usiuhusishe na mkondo. Saa kumi na mbili na nusu jua linazama. Saa mbili usiku kayaki imekaa juu ya tope, na tope hilo ukilikanyaga linakumeza hadi gotini. Maji yatarudi baada ya usiku wa manane. Mbu wa mikoko watakushika mkono hadi hapo.

Hatua ya tano: Upepo ni wa wanaotumia tanga

Kama likizo yako ni ya Agosti, kusi linavuma kwa nguvu na nje ya mwamba bahari imechafuka. Ukiona ngalawa zote zimelala mchangani, furahi: bahari yote ni yako. Wavuvi wa pwani hutoka alfajiri na umande, ule upepo utokao nchi kavu, wakarudi na upepo wa baharini mchana. Wewe toka mchana. Na ukitafuta mlango wa kupitia mwambani, pita pale povu ni jeupe zaidi, panapendeza.

Hatua ya sita: Vua pale samaki hawaogopi watu

Watamu kuna mahali samaki hukusogelea hadi wakakugusa. Usijiulize wameutoa wapi upole huo. Ni hifadhi ya taifa ya bahari tangu 1968, uvuvi ndani yake umepigwa marufuku, na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, watakueleza hayo kwa kirefu, wakiwa na boti yenye injini.

Hatua ya saba: Samaki akinasa, mkumbatie

Nyungunyungu wamekataliwa, lakini donge la ugali uliobaki limepata mteja. Ufito unapinda, uzi unalia, na mapajani mwako anatua tafi mwenye ukubwa wa kiganja, kijani iliyopauka yenye madoa. Ametulia. Ukimsogezea mkono, anasimamisha miiba ya mgongoni yote kwa pamoja, na ya tumboni pia. Miiba hiyo ina sumu. Haiui, ila itakufanya uwakumbuke wazazi wako wote wawili kwa majina. Mwenyeji angembana kichwa kwa kitambaa kabla ya kuitoa ndoana. Wewe umevaa kaptura.

Akija yule anayejijaza hewa akawa mpira, huyo ni bunju, na sumu yake inaua. Piga picha, mrudishe majini, usimpeleke jikoni.

Hatua ya mwisho: Kwa wenye moyo mdogo

Wapo wasioweza kufuata mwongozo huu. Hao hufika siku moja mapema, hulala, huulizia ofisi ya BMU, kitengo cha usimamizi wa ufuo ule, huambiwa ni wapi panaruhusiwa na leseni gani inatakiwa. Hununua ngisi. Humlipa kijana wa pale atangulie na mtumbwi wake, huvaa jaketi la kuelea, hutoka wakati maji yanaingia na kurudi kabla hayajatoka. Humsalimu mzee, wakangoja kweli walipoambiwa wangoje.

Watu wa namna hiyo hurudi Eldoret na changu waliokaangwa kabisa ili wasimkere abiria wa kiti cha pili. Hasara yao ni moja tu: samaki aliyevuliwa mbele ya mwenyeji haongezeki urefu basi likifika Nakuru.