Mashine Imenuna: Ushauri kwa Wenye Matrekta ya Nyasi

Betri ya trekta dogo la kukatia majani huharibika zaidi ikiwa imelala kuliko ikiwa kazini. Tabora usingizi huo huja kiangazi: kuanzia Juni hadi mvua za Novemba nyasi hukauka, na mashine hufunikwa turubai chini ya mwembe. Zamani, kwa desturi, kiangazi ndicho kilichokuwa msimu wa wapagazi wa Kinyamwezi kushika njia ya Bagamoyo, ili wawahi kurudi kulima. Trekta lina kalenda ya kinyume, ndiyo maana barua hufika hapa mvua ya kwanza ikinyesha.

Msomaji wa Isevya analalamika kuwa mashine yake imenuna: ufunguo ukizungushwa, stata hulia ta-ta-ta, basi. Hakuna aliyeiudhi. Betri ya risasi na tindikali hupoteza chaji hata bila kuguswa, na joto likipanda nyuzi 10, kasi hiyo huwa karibu maradufu. Banda la bati mwezi Oktoba humaliza kazi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 12.4 na kuachwa hivyo, fuwele za salfeti huganda kwenye bamba, na zikikomaa chaja haiziwezi. Kwa hiyo Juni waya wa hasi hufunguliwa kwanza, betri ikatolewa, ikawekwa penye ubaridi na kuchajiwa kila mwezi. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia. Vitabu vya mwongozo huagiza haya kwa sababu ya theluji. Fundi wa Tabora husoma "kiangazi" kila palipoandikwa "baridi".

Yupo wa Ng'ambo aliyeianika betri juani kwenye ungo, kama zinavyoanikwa za redio ili taarifa ya habari isipite. Za redio ni kavu, na joto huzipa uhai wa dakika chache. Hii ya trekta jua huipunguzia chaji na maji. Ungo urudishwe kwa mwenyewe.

Kesi nzito imetoka Sikonge. Maji ya betri yalipopungua, mhusika aliongeza tindikali, kwa hoja kwamba kilichopungua ndicho hurudishwa. Hoja ni nzuri, ila kilichopungua ni maji peke yake: wakati wa kuchaji hugawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni, yakatokea kwenye vizibo, tindikali ikabaki. Ikiongezwa nyingine, hula bamba. Hujazwa maji safi ya betri, kamwe si ya kisima yenye chumvichumvi, hadi bamba zifunikwe. Hidrojeni hulipuka kwa cheche ndogo. Mkoa hulima tumbaku, lakini isivutwe hapo. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri huondolewa kwa maji ya magadi, yaleyale ya kulainishia maharage, vizibo vikiwa vimekazwa. Kisha hupakwa grisi.

Wa Nzega ana ugomvi na mama mkwe, anayesisitiza kuwa betri ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji hufa. Mama anakumbuka betri za zamani, zenye makasha ya mbao yaliyonyonya unyevu na kuvujisha umeme. Ya plastiki haivujishi. Hata hivyo, ubao ukiwekwa chini yake kwa heshima ya mkwe, betri haitadhurika.