Mkopeshaji Mwenye Sindano

Marekani, daktari wa watoto mwenye kliniki yake ana kazi mbili: kutibu, na kuikopesha kampuni ya bima. Chanjo ya HPV, ambayo kijana hushauriwa kuipata akiwa na miaka 11 au 12, huuzwa kwa kliniki binafsi kwa zaidi ya dola 250 kwa dozi. Daktari hununua kwa pesa zake, huihifadhi kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8, huomba Mungu umeme usikatike, kisha huchoma sindano, hutuma madai na kukaa kusubiri. Mzazi, kwa bima nyingi, halipi hata senti. Sheria ya afya ya 2010 ilisema hivyo. Daktari arudishiwe kiasi gani, hilo sheria ililiacha kwa bima wenyewe, watu waungwana sana, hasa wakati wa kupokea michango. Ukikosea tarakimu moja ya msimbo, madai yanarudi upesi kuliko malipo yalivyowahi kuja. Kijana asiye na bima je? Chanjo za vijana kama yeye hutolewa na serikali bila malipo tangu 1994. Basi mgonjwa wa kuogopwa ni yule anayeingia na kadi nzuri.