Paka wa Kabondo-Dianda

Kanisani kwetu Mwanza walipouliza nani atajitolea kuwa mkalimani wa timu ya madaktari inayokwenda Haut-Lomami, Kongo, nilinyanyua mkono kabla mchungaji hajafika mwisho wa tangazo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Kwa miaka mingi nimemwaga wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu, nikaona sasa zamu imefika: ngeli zangu zitaokoa maisha.

Kutoka Lubumbashi tulikwenda kwa gari kupitia Likasi hadi Bukama, mji ambao reli iliufikia mwaka 1918, na ambako vyombo huanza kuteremka mto Lualaba kuelekea kwenye maziwa. Kisha tukaendelea hadi Kabondo-Dianda. Nilishuka mwekundu kwa vumbi kuliko kalamu yangu.

Jioni hiyo mzee wa kanisa akanitambulisha: "Huyu ndugu ametoka Mwanza." Vigelegele! Nikavimba kichwa: kumbe sifa za jiji letu zimevuka mpaka. Kumbe wapi. Wana Mwanza yao, upande wa Malemba-Nkulu, ambako wamisionari Burton na Salter walianzisha misheni mwaka 1915. Wazee wakanimiminia Kiluba, nami nikabaki kutoa meno. Niliposema Mwanza yangu iko kando ya ziwa na ina samaki wengi, wakakubali kwa vichwa. Maziwa hata wao wanayo, Upemba na mengineyo. Bibi mmoja akanitazama kwa huruma. Baadaye nilitafsiriwa alichosema: kijana wa Mwanza, mji umemla hadi amesahau lugha ya mama yake.

Kesho yake kazi ikaanza chini ya mwembe. Daktari wetu, Mmarekani, anasema Kiingereza. Mimi nakigeuza Kiswahili. Muuguzi wa kituo, mama wa makamo, anakigeuza Kiswahili changu kuwa Kiswahili. Mwanzoni nilidhani ananisaidia kupaza sauti tu.

Mgonjwa wa nne alikuwa mzee mwenye tumbo linalomkata. Muuguzi alikuwa amekwenda kuchukua vipimo, nikaona huu ndio wasaa wangu. Nikamuuliza alikula nini.

"Nalikula paka bukari."

Bukari sikuijua, lakini paka namjua. Nikameza mate, nikamtafsiria daktari kwamba mzee amekula paka, aina ya mapishi bado inachunguzwa. Kalamu ya daktari ikasimama. Akataka kujua kama aliiva.

"Mzee, mlimpikaje?"

Mzee akanitazama kama mtu anayeulizwa namna ya kupumua. "Inapikwa paka na mayi."

Paka na mayai! Daktari akaandika. Muuguzi aliporudi na kusikia habari hizo, alilazimika kushika mti. Paka, kwa Kiswahili cha Katanga, ni "tu". Bukari ni ugali. Mayi ni maji. Mzee wa watu alikuwa amekula ugali mtupu, uliopikwa kwa maji tu, kama ugali wote duniani.

Nilijipa moyo, nikachukua kazi ya kuita majina. Nikiita jina, mama mmoja anajibu kwa mbali: "Njo mie!" Nami kwa adabu zangu naacha meza, naenda. Nikifika, ananishangaa. Nikirudi na kuita jingine, huku nako: "Njo mie!" Nilizunguka mwembe ule mara tano kabla ya kuelezwa kwamba "njo" yao ni "ndiyo" yetu, akina mama walikuwa wanasema "ndiyo mimi", na kumshangaa karani huyu asiyetulia.

Saa sita mchana bibi mmoja alipokea dawa yake, akanishika mikono miwili, akasema kwa hisia: "Wafwako!" Nikasikia "wafu wako". Nikavua kofia. "Pole sana, bibi. Walikuwa wangapi?" Ilikuwa asante ya Kiluba.

Muuguzi akanivuta kando. "Baba Mwalimu, Kiswahili yako iko ya Biblia. Iko muzuri kwa kuomba. Kwa tumbo, tuko na ingine."

Kuanzia hapo nilimwachia yeye maneno, mimi nikahesabu vidonge. Dawa yetu ya mseto ya malaria kwa mtu mzima ilikuwa vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku 3. Nilimsikiliza akieleza, kwa vidole, kwa mzaha, na kwa lugha ambayo ningeikata kwa wino kila mstari, kwa nini mtu asiache siku ya pili akijiona amepona. Kisha alimtaka kila mmoja arudie. Wakarudia bila kukosea. Maelezo yangu fasaha ya asubuhi hakuna aliyeweza kuyarudia; walikuwa wameniitikia "amina".

Siku ya tatu tumbo likanigeukia mimi. Nililala mkekani, muuguzi akanikorogea maji ya chumvi na sukari, yale yale niliyokuwa nikiyahubiri. Akauliza nimekula nini.

"Paka munkoyo," nikanong'ona. Kinywaji kile cha mahindi nilikuwa nimekipenda kupita kiasi.

Akapiga makofi. Sarufi yangu ilikuwa imepona kabla ya tumbo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni ndiye aliyekuja kutibiwa.

Nilipofika nyumbani mama alinitazama nilivyokonda. "Mwanangu, huko walikuwa wanakulisha nini?"

"Paka bukari, mama. Na siku nyingine paka samaki."

Hakusema neno. Alimwinua paka wetu aliyekuwa amelala kando ya jiko, akaingia naye chumbani, akafunga komeo.