Jinsi ya Kupiga Kambi Riruta Satellite Bila Kusumbuliwa

Kwanza, achana na hema dogo. Lile la zipu, la watu wawili, likionekana alfajiri kando ya Naivasha Road hapa Nairobi, mwenyewe atakuwa ndani ya lori la kanjo, askari wa jiji, kabla hajapiga mswaki. Kosa lake si kulala kwenye ardhi ya umma. Kosa ni kulala kwa unyenyekevu. Kodi tenti nyeupe ya viti mia mbili, ifunge katikati ya barabara ya mtaa, elekeza spika kwenye dirisha la jirani, kisha sema ni krusedi. Matatu zitatafuta njia nyingine zenyewe, na vijana wa bodaboda watakuongozea magari. Harusi nayo inafaa. Matanga ndiyo bora kabisa, kwa kuwa hakuna askari atakayemwuliza mfiwa kibali kiko wapi.

Usipojaliwa harusi wala msiba, jenga kibanda, lakini kikue polepole kama mtoto wa watu. Anza na mwamvuli na kiti. Watu wakizoea, ongeza meza ya sukuma wiki, halafu karatasi ya nailoni, halafu mabati manne. Siku utakayotia kufuli, wewe si mvamizi tena, ni mfanyabiashara. Kanjo akija, usibishane. Sema, “Mkubwa, tusaidiane,” umwachie yeye kufafanua msaada gani. Ukilipishwa chochote chenye risiti, itunze. Haitazuia kitu, ila inafariji.

Sasa soma sheria, maana ni tamu. Sheria ya Ardhi ya 2012, kama ilivyorekebishwa 2016, inasema anayeondolewa kwenye ardhi ya umma apewe ilani ya miezi mitatu: kwa maandishi, kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kwenye gazeti la nchi nzima na kwenye redio, ikibidi kwa lugha ya wenyeji. Wanaokuja kukutoa wajitambulishe. Utu wako uheshimiwe. Tena upewe nafasi ya kwanza ya kubomoa mwenyewe na kuokoa mali yako. Nani kati yetu amewahi kupewa nafasi ya kwanza na serikali?

Huku kwetu ilani ni alama ya X ya rangi nyekundu. Hiyo ndiyo Gazeti Rasmi la Kawangware: haina tarehe, haina sahihi, na kila mtu anaielewa. Waulize Kibera. Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipohitaji nafasi, matingatinga yaliingia asubuhi yakapita juu ya nyumba na shule, na inakadiriwa watu 30,000 walibaki nje. Wenyeji walikuwa wametoka kuhesabiwa ili wapangiwe pa kwenda. Kuhesabiwa kulienda vizuri sana.

Watu wa Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walipewa siku saba mwaka 2011, na Novemba kijiji kikabomolewa. Januari 2021, katika kesi yao, Mahakama ya Juu ikasema kwamba hata asiye na hati miliki, akiwa amekaa kwa muda mrefu kwenye ardhi ya umma, anaweza kudai haki ya makazi. Kwa hiyo haki ipo. Beba tu subira ya miaka kumi na mahali pa kulala wakati unasubiri.

Ipo pia kambi ya siasa, lakini hiyo si ya wenye moyo mwepesi. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walipiga kambi kwenye kona ya bustani ya Uhuru Park wakidai wana wao waachiliwe. Siku chache baadaye polisi waliwatawanya kwa marungu na gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani. Wakahamia All Saints Cathedral, wakakaa humo hadi 1993, na wafungwa karibu wote wakaachiliwa. Ile kona ya bustani inaitwa Freedom Corner hadi leo. Jina zuri, lakini lisikudanganye kwenda kulala hapo.

Ushauri wa mwisho ni wa fundi, na ni bora kuliko wa wakili: usipigilie mabati misumari, yafunge kwa bolti. Tingatinga likisikika upande wa kituo cha Stage 46, spana moja na mashemeji wawili watatosha kukupa ile nafasi ya kwanza ya kubomoa. Jioni hiyo hiyo vuka barabara ujenge ng'ambo, ambako rangi nyekundu bado haijafika.