Korongo la Bwana Nyati

Kwenye mteremko wa Uluguru, juu ya Mto Morogoro, wanyama walimpa Nyati kiwanja cha juu kwa heshima ya ukubwa wake. Akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Masika ya kwanza, maji ya mlimani yakatuama nyuma ya nyumba. Rangi ikabanduka, chumvi ikachomoza ukutani, jikoni kukatokea ufa.

Ngedere akaja na ndoo ya rangi. "Mheshimiwa, ni uchafu wa ukuta tu." Akapaka, akalipwa. Masika ya pili, ufa ukarudi mpana zaidi.

Akaitwa Fuko. Akachimba kando ya msingi, akaibuka na udongo uliolowa chepechepe.

"Bwana Nyati, mfinyanzi huu ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na msingi hupanda na kushuka nao. Tuupake msingi lami. Tushindilie udongo ushuke sentimita 15 katika kila mita 3 kutoka ukutani. Upande wa mlima tuchimbe mtaro, tulaze bomba lenye matundu, tujaze kokoto. Kisha mtaro upite kwa majirani wote hadi mtoni."

"Mtoni ni mbali na ni gharama," akasema Nyati. "Uishie mpakani kwangu."

Mtaro ukachimbwa, ukaishia hapo. Chini ya mpaka aliishi Mzee Kobe. Akaenda kwenye kikao cha wanyama: "Mwanangu, maji yako yanalala kwangu."

Nyati, aliyekuwa mwenyekiti, akajibu: "Shikamoo, mzee wangu. Maji yakishavuka mpaka ni yako." Wajumbe wakapiga makofi, Ngedere akiwaongoza.

Maji yaliyokuwa yakitawanyika sasa yalitoka mahali pamoja, kwa nguvu. Yakachimba kiwanja cha Kobe mpaka kikawa korongo, Kobe akahama. Lakini korongo hukua kuelekea yanakotoka maji: yakianguka ukingoni hula chini yake, ukingo huporomoka, korongo hupanda hatua moja. Masika baada ya masika likapanda, hadi likaufikia msingi wa Nyati. Ukuta ukaanguka na rangi yake mpya.

Nyati akamfuata Fuko, kichwa chini. "Nichimbie ule mtaro wa mtoni."

"Sasa utalipia mtaro, nyumba yako na nyumba ya Mzee Kobe," akasema Fuko.

Ndugu msomaji, mkubwa anayewasukumia wa chini shida zake huuchimba msingi wake mwenyewe. Kabla ya mvua za Machi, fuateni mitaro yenu pamoja, kutoka nyumba ya juu kabisa hadi mtoni, na anayekaa juu awe wa kwanza kushika jembe.